Mwenye Sauti Zote

Katika vyombo vyote vya muziki vilivyoletwa Afrika ya Mashariki kutoka ng'ambo, hakuna kimoja kinachofanana na mtu tajiri kama kodiani. Aliyekipakata chombo hiki ana wimbo katika vidole vya mkono wa kuume. Ana besi na mapatano ya sauti katika vidole vya mkono wa kushoto. Ana pumzi isiyokwisha katika mivukuto iliyo kati ya mikono yake. Na kinywa chake kimebaki huru kuimba, kusema, kucheka, au kumkemea mtoto anayechezea moto. Mguu wake ukipenda hupiga mdundo chini. Hana haja ya kumwomba jirani kitu. Akiwa peke yake ni bendi kamili, na akiondoka bendi nzima imeondoka.

Tarumbeta kwa upande wake ni maskini. Hutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, na ili lilie hapana budi mpigaji akizibe kinywa chake kwa chuma. Hawezi kuimba apigapo, wala hawezi kusema; na kile anachokipiga mara nyingi si wimbo hata kidogo, bali ni kipande cha wimbo. Mwenye sauti ya tatu akifanya mazoezi peke yake nyumbani, mkewe hawezi kutambua ni wimbo gani. Husikia noti chache zinazopanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayejibu maswali ya mwingine asiyesikika.

Maskini huyu ana makao yake Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, nao walitoka katika nchi ambayo Walutheri wake walikuwa na desturi ya kupiga nyimbo za ibada kwa vikundi vya matarumbeta vya watu wa kawaida, wakulima na mafundi wasiolipwa kitu. Desturi hiyo iliota mizizi mlimani. Leo katika sharika nyingi za Dayosisi ya Kaskazini, ambayo makao yake ni Moshi, kikundi cha matarumbeta hupiga Jumapili, hupiga sikukuu, hupiga arusini, na zaidi ya yote hupiga mazikoni, kwa maana wafu wa mlima huu huzikwa katika vihamba vyao wenyewe, kati ya migomba na kahawa. Wapigaji ni walimu, wakulima, mafundi, wenye maduka mjini. (Watu wa pwani walilipata tarumbeta kwa mlango mwingine, mlango wa askari na bendi zao, wakafanya ngoma ya beni; lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Nimeviweka vyombo hivi viwili pamoja kwa sababu vyote ni vyombo vya wapenzi, yaani watu wapigao kwa ridhaa na siyo kwa mshahara, na kwa sababu kati ya tajiri yule na maskini huyu limo swali ambalo hatuwezi kulikwepa kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni hili. Je, wanadamu hukusanyika kwa kuwa kila mmoja amepungukiwa na kitu ambacho mwenzake anacho, au lipo jambo jingine liwakusanyalo ambalo halitokani na upungufu? Jibu la kwanza ni maarufu, na lugha yetu imelihifadhi katika methali: kidole kimoja hakivunji chawa, mkono mmoja haulei mwana. Nazikubali methali hizi. Walakini zina hatari ndani yake ambayo wazee waliozitunga hawakuwa na sababu ya kuiona. Zinasema kwamba twashikamana kwa kuwa peke yetu hatuwezi. Basi siku tutakapoweza, itakuwaje? Kodiani ni kidole kimoja kinachovunja chawa.

Hebu tukitazame kidole hicho. Mwaka 1829 fundi mmoja wa Vienna, Cyrill Demian, alipewa hati ya kulinda ubunifu wake wa kisanduku chenye mivukuto na vifungo vichache. Ndani yake mlikuwa na ndimi nyembamba za chuma zinazotetemeka pumzi ipitapo, jambo ambalo Wachina walikuwa wamelijua tangu kale katika chombo chao kiitwacho sheng. Kila kifungo cha Demian hakikutoa sauti moja, bali kilitoa sauti kadha zilizopatana. Na kwa ajili hiyo akakipa chombo chake jina litokanalo na neno la Kijerumani lenye maana ya mapatano ya sauti. Jambo hili lastahili kutazamwa vizuri. Chombo kilichopewa jina la mapatano kilibuniwa ili mtu asilazimike kupatana na mtu. Kabla yake, kupata sauti tatu zinazolia pamoja mara nyingi kulihitaji waimbaji watatu, au kinanda kikubwa kisichoweza kutoka nje ya nyumba. Baada yake kulihitaji kidole kimoja na kamba ya begani.

Mafundi wengine waliongeza. Katika mji wa Castelfidardo, Italia, kazi ya Paolo Soprani ilianza mwaka 1863; na huko Trossingen, Ujerumani, nyumba ya Hohner, iliyoanza na vinanda vya mdomo mwaka 1857, ilianza kutengeneza kodiani mwaka 1903. Kodiani kubwa ya siku hizi ina vibao vya kinanda upande wa kuume na vifungo 120 upande wa kushoto. Chombo hiki kilisafiri na mabaharia, na askari, na walowezi, na wafanyabiashara, kikafika kwetu. Wakikuyu walikifanya moyo wa mwomboko, ngoma ya hatua mbili na kuinama, ambayo mpigaji mmoja aweza kuiongoza kwa kodiani na sauti yake mwenyewe, huku mwenzake akigonga pete ya chuma. Wajaluo walikiita onanda, wakilitwaa neno letu kinanda na kulivika vazi la kwao. Unguja kiliingia katika taarabu, kikakaa kati ya fidla, udi na ganuni.

Sasa turudi Kilimanjaro, kwa kuwa watu wa huko wana haki ya kuulizwa swali letu kabla ya wengine. Wameishi muda mrefu katika hali mbili kwa pamoja: kila mtu ana kihamba chake, wala hakuna mtu mwenye maji yake. Nyumba ina migomba yake, ina kahawa yake, ina ng'ombe wake wanaolishwa zizini. Mtu akisimama ndani ya kihamba huenda asiione nyumba ya pili kwa wingi wa majani. Lakini maji ya mfongo hutoka mbali juu, karibu na msitu, hushuka kwa ustadi wa kushangaza kando ya makorongo, hupita katika ardhi ya watu wengi, na kila mmoja ana zamu yake ya kuyafungulia. Mfongo ukibomoka, wenyewe wote hutoka kwenda kuutengeneza, na asiyetoka hujulikana. Hata kahawa ilifuata njia hiyo: kila mti ulikuwa na mwenyewe, lakini mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na kutoka chama hicho ukazaliwa mwaka 1933 muungano mkubwa wa ushirika wa Kilimanjaro, uliojulikana kote kwa herufi zake nne, KNCU, na ambao jengo lake lilikuwa fahari ya mji wa Moshi.

Mtu aweza kusema: basi jibu limepatikana, ni haja. Maji yaliwakusanya, bei ya kahawa iliwakusanya. Nami nasema hapo ndipo hofu ianzapo. Mabomba yamepanda mlimani, na mifongo mingi imeachwa ikakauka. Sababu ni nyingi: mito imepungua, vijana wamehamia mijini, ardhi imegawanywa vipande vidogo, bomba ni mojawapo tu. Hata hivyo mwenye bomba uani hana sababu ya kupanda alfajiri na jembe kwenda kuzibua mfongo wa wote, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutokufanya kazi ambayo haina haja tena. Bomba ni jambo jema. Akina mama waliobeba maji vichwani hawatanisamehe nikisema vinginevyo. Lakini ikiwa ujirani ulikuwa umesimama juu ya mfongo peke yake, basi ulikauka siku ile mfongo ulipokauka, na hatuna haki ya kuulilia, kwa kuwa haukuwa ujirani. Ulikuwa njia ya kupata maji.

Katika muziki bomba limekwisha kufika. Kinanda cha umeme, kilicho mjukuu wa kodiani kwa tabia kama si kwa damu, kina ngoma ndani yake, kina besi, kina fidla, kina hata matarumbeta. Kijana mmoja akibonyeza kifungo, kikundi kizima hulia bila mtu kukohoa, bila mtu kuchelewa, bila mtu kukosea. Kinanda hiki kimekwisha kuingia makanisani na arusini katika nchi nzima. Hakina ubaya wowote. Lakini kinamwuliza yule mwenye sauti ya tatu, ambaye ametembea kilima kizima kuja mazoezini, swali ambalo wanafalsafa huliuliza kwa maneno marefu zaidi: Wewe wa nini?

Sipendi kulijibu swali hilo kwa kulia juu ya mambo ya kale. Napenda kulijibu kwa ushahidi, na ushahidi wangu nautoa katika nyumba ya tajiri mwenyewe. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1920 na 1930, wapenzi wa kodiani walianza kujikusanya katika vikundi vikubwa, na vikundi vya namna hiyo vipo mpaka leo katika nchi nyingi. Watu ishirini au thelathini, kila mmoja na kodiani yake, huketi mbele ya kiongozi mmoja. Mtu asiyewajua atadhani kwamba kila mmoja atapiga wimbo wote, na kwamba makelele yake yatakuwa makubwa mno. Sivyo. Kila mmoja hupewa sauti moja: hawa ya kwanza, hawa ya pili, hawa ya tatu, hawa ya nne, na wachache besi. Mkono wa kuume ndio unaopiga. Mkono wa kushoto, ulio na hazina ile yote ya vifungo, huvuta na kusukuma mivukuto tu. Vifungo vya besi hukaa kimya. Mafundi wameona jambo hili, wakatengeneza kodiani za vikundi zisizo na vifungo vya besi kabisa, maana za nini kubebwa?

Unguja nako, mpigaji wa kodiani katika kikundi cha taarabu aghalabu hufuata wimbo pamoja na fidla na ganuni, na mapatano ya mkono wa kushoto huyaacha, kwa kuwa taarabu haikujengwa juu ya mapatano ya namna ile. Hapo sababu ni ya sanaa. Huko Misri sababu ya sanaa iliwafikisha wapigaji mbali zaidi: walizirekebisha ndimi za kodiani zao ili zitoe robo za sauti ambazo nyimbo za Kiarabu huzitaka na ambazo chombo cha Vienna hakikuzijua. Lakini kwa wale Wajerumani, sababu ya sanaa peke yake haitoshi. Wao walikuwa na chombo kilichotengenezwa makusudi kwa ajili ya nyimbo zao, kinachoziweza nyimbo hizo peke yake, na bado wakakipunguza. Walijifanya maskini kwa hiari yao.

Kwa nini? Wako watakaosema kwamba kodiani thelathini zina sauti nene kuliko moja. Ni kweli, lakini unene hupatikana kwa njia rahisi zaidi. Mimi nadhani kwamba mwenye sauti zote amepungukiwa na jambo moja ambalo hawezi kujipa mwenyewe kwa chombo chochote: hakuna anayemngoja. Akichelewa, hakuna wimbo ulio na tundu. Akinyamaza, muziki wote umenyamaza pamoja naye, na kimya kilichobaki hakina umbo lake. Mwenye sauti ya tatu akikosa kufika, wengine wataweza kupiga, lakini mahali pake patasikika. Kila mapatano yatakuwa na pengo, na pengo hilo ni lake yeye na si la mtu mwingine. Kuhitaji ni upungufu. Kuhitajiwa ni jambo jingine, na hili hata tajiri hana, isipokuwa aache kitu mikononi mwa wengine ndipo nao waache kitu mikononi mwake.

Najua pingamizi litakalotokea. Mtu atasema kwamba huo ni mchezo wa kuigiza. Mwenye besi anayekaa bila kupiga besi ili mwingine ampigie anajifanya kiwete hali ana miguu. Na urafiki unaojengwa juu ya haja ya kubuni ni urafiki wa kubuni. Pingamizi hili lina nguvu. Lakini tumtazame mtu mwenye chakula cha kumtosha, ambaye jioni hungoja mwenzake arudi ndipo ale. Je, anaigiza njaa? Njaa yake ni ya kweli, chakula ni chake, mkono ni wake, wala hakuna amri iliyomkataza. Amejifunga mwenyewe. Vivyo hivyo mtu atoaye ahadi hujifunga mahali ambapo alikuwa huru, na hakuna anayesema kwamba ahadi ni maigizo kwa sababu haikulazimishwa. Pengine ni kinyume chake: kile kilicholazimishwa hakistahili kuitwa ahadi.

Yuko mtu mmoja aliyeyafikiri mambo ya vifungo vya namna hii kwa muda mrefu katika mlima huu huu, naye ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Uchaggani tangu mwaka 1902 mpaka 1938, kwa sehemu kubwa Moshi ya Kale, isipokuwa miaka aliyozuiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliandika vitabu vikubwa juu ya sheria na mafunzo ya Wachagga, akafundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vya asili ambavyo Kanisa halina ruhusa ya kuvikata, bali lijengwe juu yake. Vijana wa kipaimara aliwafunga katika vikundi vidogo vya kuangaliana, kwa mfano wa rika la zamani. Namheshimu kwa kuona hayo wakati ambapo wengi wa wenzake waliona giza tu. Hata hivyo naona kwamba aliuogopa mji na fedha kuliko ilivyostahili, na kwamba alitilia mkazo mno vifungo ambavyo mtu huzaliwa navyo. Kikundi cha matarumbeta si ukoo. Wenye ukoo mmoja na wenye koo zinazogombana juu ya mpaka wa kihamba huketi benchi moja, wakashika sauti tofauti. Mtu hakuzaliwa na sauti ya tatu. Aliipewa siku aliyofika, labda kwa sababu ndiyo iliyokuwa imepungua, naye akaikubali. Na baada ya miaka ishirini imekuwa yake kama jina.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumsifu maskini bila kumsikiliza tajiri. Anayo maneno yake, na maneno hayo si madogo. Kikundi huweza kuwa mzigo. Kiongozi mkali, wivu juu ya sauti ya kwanza, mzee asiyetaka wimbo mpya, kijana anayenyamazishwa kwa kuwa ana kipaji kuliko mwanawe mwenyekiti: haya yote yamo katika vikundi vya wapenzi, na asiyeyajua hajakaa katika kikundi. Mwenye kodiani hana mwenyekiti. Aweza kuimba jambo ambalo kamati isingelipitisha. Mpigaji wa mwomboko aliyesimama peke yake na chombo chake aweza kumcheka mkubwa mbele ya watu, na kesho akawa kijiji kingine. Jamii isiyo na mtu hata mmoja awezaye kupiga wimbo wote peke yake ni jamii inayotisha. Aidha iko huzuni isiyotaka kikundi. Mtu aliyefiwa na mtoto usiku wa manane hahitaji kungoja sauti nne zikamilike. Na kama ana kodiani na akaivuta polepole gizani, sidhani kwamba amewakosea majirani, isipokuwa usingizi wao.

Kwa hiyo sisemi kwamba utajiri ni dhambi. Nasema kwamba haujibu swali lote.

Yako pia mashtaka mengine ambayo hayana budi kuzungumzwa, nayo yanawahusu wapenzi wote, wa kodiani na wa tarumbeta: kwamba hawapigi vizuri. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, aliwataka vijana wa watu huru wafundishwe muziki kwa vitendo, lakini wasifike kwenye ustadi wa wale wanaoshindana kwa malipo, kwa kuwa kazi ya mwenye malipo ni kuwafurahisha wasikilizaji na siyo kuitengeneza nafsi yake. Katika habari hiyo hiyo aliikataa filimbi ya Wayunani iitwayo aulos, na sababu mojawapo ni kwamba humzuia mpigaji asitumie maneno. Akakumbusha hadithi ya mungu wa kike Athena, aliyeitupa kwa sababu ilimharibu sura. Kwa kipimo cha Aristotle, basi, kodiani ingelipita na tarumbeta lingelitupwa. Naona hapa mwalimu huyu mkubwa hakusikiliza vya kutosha. Kinywa kilichozibwa kwa chuma kimezuiwa kusema, ni kweli, lakini masikio ya mtu asiyeweza kusema hufunguka kwa namna ya peke yake. Msemaji mkubwa wa mikutano, akiwa na tarumbeta mdomoni kwa saa moja, humsikia jirani yake labda kwa mara ya kwanza katika juma zima.

Ama juu ya kupiga vibaya, sina utetezi mrefu. Nimesikia mazikoni noti ambazo marehemu, kama angaliweza, angaliinuka kuzisahihisha. Mwenye kulipwa akikosea hurudishiwa makosa yake kwa kukosa kazi. Mpenzi akikosea husamehewa, na msamaha huo ukizidi huwa uvivu. Wapenzi wa kweli wana deni la mazoezi, tena kubwa kuliko la wenye mshahara, kwa sababu hakuna awezaye kuwalazimisha walilipe. Unguja kiko kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na jina lake, lenye maana ya ndugu wa usafi wa nia, ni jina walilojiita wanafalsafa wa Basra katika karne ya 10, walioandika risala zaidi ya hamsini na kuitenga moja kwa ajili ya muziki. Sijui jina jingine la kikundi cha muziki lililobeba madai makubwa kama hilo. Ndugu kwanza, usafi wa nia baadaye, na katika jina lote muziki haukutajwa. Lakini kikundi hicho hakikudumu zaidi ya miaka mia kwa undugu peke yake. Kilidumu kwa sababu jioni baada ya jioni watu waliotoka katika kazi zao walikaa wakairudia sehemu ile ile iliyowashinda.

Limebaki swali la matendo. Mwenye sauti zote afanye nini kati ya wenye sauti moja moja? Tujaalie kwamba Marangu yuko mtu mwenye kodiani nzuri, aliyojifunza kuipiga peke yake kwa miaka mingi. Kumetokea msiba. Marehemu ameletwa kutoka Dar es Salaam, kama ilivyo desturi, azikwe kihambani. Kikundi cha matarumbeta kimefika, lakini kimepungukiwa: mwenye sauti ya tatu amehamia mjini kwa kazi. Wanamwendea mwenye kodiani. Hawamwombi apige wimbo, ingawa wanajua kwamba angeliweza kuupiga wote, tena bila makosa, nao wakapumzika. Wanamwomba apige sauti ya tatu.

Kwa mara ya kwanza anaiona kazi kuwa ngumu. Mkono wake wa kushoto unatafuta besi kwa mazoea, naye anauzuia. Mzee mwenye tuba anakwenda polepole kuliko yeye apendavyo, na hana njia ya kumharakisha. Katika ubeti wa pili anasikia kwamba noti yake, ambayo peke yake haikuwa na maana, imelala mahali fulani kati ya sauti ya pili na besi, na kwamba akiiacha mapatano yatavunjika. Anaishika. Wanamaliza, udongo unarudishwa, watu wanakwenda kunawa mikono.

Halafu mwezi wa Desemba unafika, na mabasi yanapanda Moshi yakiwa yamejaa watu wa mlima wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Mwenye sauti ya tatu naye amerudi, na jioni ya mazoezi anaingia na tarumbeta lake, anaketi mahali pake pa siku zote. Mwenye kodiani anafunga mivukuto yake na kuifunga kwa kamba, anainuka aende. Mzee wa tuba anamwambia akae, kwani mwenye sauti ya pili hajafika bado.